Kifuniko cha Plastiki na Shamba la Wakfu

Ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo vijana huziita droni na magazeti huziita ndege nyuki, ziliingia katika maisha yetu kwa mlango wa harusi. Ndiko wengi wetu tulikoziona kwanza: bwana harusi anashuka garini, juu ya mwembe kuna kitu kinavuma, na wapishi wanaacha masufuria yao wakatazama juu. Kwa sababu hiyo wazee wengi wa huku Kisaki wamezihesabu katika mambo ya anasa, fungu moja na mataa ya rangi na keki za ghorofa. Mimi sikubaliani nao, wala hoja yangu haitokani na mapenzi ya vitu vipya.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege za aina hii. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulizitumia kuchora ramani za mitaa inayozama maji wakati wa masika. Mwaka 2018 ndege iliyo kubwa zaidi ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 ikichukua dakika 40 hivi juu ya Ziwa Victoria. Na liko jambo linalotugusa sisi tunaoishi jirani na wanyama: watafiti walizijaribu pembezoni mwa hifadhi za Tarangire na Serengeti, wakaona kwamba tembo walioingia mashambani huondoka wanapozisikia, huenda kwa kuwa mvumo wake unawakumbusha nyuki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Mkulima wa Kisaki aliyekesha na debe akilinda mpunga wake hahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo.

Haja ya msikiti wetu, hata hivyo, haikuwa tembo. Ilikuwa mpaka.

Tuna shamba la wakfu la ekari chache kando ya mto Mgeta. Aliyeliwakifu ni bibi mmoja mkulima, Allah amrehemu, ambaye naye alilipata kwa mama yake. Msomaji wa pwani aelewe kwamba kwa Waluguru wa milimani na kwa Wakutu wa tambarare hii, ardhi ya ukoo tangu zamani hufuata upande wa mama, na wajomba ndio wenye sauti. Bibi huyo alilitoa fungu lake mbele ya mashahidi, wajomba wakaridhia, na habari ikaandikwa katika daftari la msikiti kwa hati za Kiarabu zilizo nzuri kuliko zangu: upande wa machweo mpaka ni mikwaju minne, upande wa mawio mpaka ni mkondo wa mto.

Kisha mto ukahama. Mito ya Uluguru hushuka kwa kasi, na ikishafika tambarare hupoteza adabu. Mwaka huu hupita hapa, baada ya gharika hupita pale. Mkwaju mmoja ulianguka, mwingine ukakatwa mkaa na mtu asiyejulikana. Wapwa wa bibi, ambao mashamba yao yanapakana na la wakfu, walianza kulima kipande walichoamini ni chao, na mlezi wa shamba letu aliamini ni cha msikiti. Hakuna aliyeinua sauti. Lakini katika msimu ule salamu zilianza kufupishwa, na mtu mmoja aliyezoea kusali safu ya kwanza akahamia ya mwisho, karibu na mlango. Katibu wa kamati ya msikiti huyaona mambo hayo kabla hayajafika mezani.

Mzee mmoja wa kamati, fundi mwashi ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, ndiye aliyetoa rai. Alisema mto ukihama huacha kitanda chake, na kitanda hicho hata kikijaa udongo hubaki na unyevu, kwa hiyo wakati wa kiangazi majani yake hubaki mabichi kuliko ya jirani. Mtu aliyesimama chini haoni, ndege anaona. Rai hiyo ilipita bila mjadala, jambo ambalo katika vikao vyetu si la kawaida.

Mjukuu wa muadhini wetu, kijana wa miaka ishirini na ushei anayesoma Morogoro mjini, alikuwa na rafiki anayepiga picha za harusi kwa droni. Akaiazima kwa siku tatu. Mwenyewe alikuwa ameisajili kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga inavyotaka na alikuwa na kibali cha kurusha. Sisi tukapeleka barua kwa serikali ya kijiji, na tukahakikisha kwamba shamba liko mbali na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Ninayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani ndege ndogo haina sheria. Inayo, na kwetu tunaopakana na hifadhi ina sheria zaidi.

Kijana aliwasili kwa basi la jioni, amepakata mkoba kifuani njia nzima kutoka Morogoro kupitia Matombo na Mvuha. Kwa aliyeijua barabara hiyo, kupakata kitu kwa saa zote zile ni ushahidi wa nia njema.

Kesho yake baada ya swala ya Alasiri tukakusanyika barazani pa msikiti. Hapo yalikuwapo yote yanayomharakisha mtu: watoto wa madrasa wamezunguka, wazee wana maswali, jua linashuka, na wapwa wa bibi wamekuja kushuhudia na wamesimama kando kwa heshima. Mzee mwashi alimuuliza kijana kama kitu kile kinaweza kubeba kilo ya sukari. Kijana, akiwa anajibu huku amemgeukia mzee, alibonyeza kitufe cha betri mara moja, akabonyeza tena na kushikilia, kama inavyowashwa. Taa zikawaka. Mara ukasikika mlio wa kukwaruza, kama nyenje aliyebanwa ndani ya kiberiti. Kwenye kioo cha simu likajitokeza tangazo jekundu kwamba mota ya kamera imezidiwa mzigo.

Kamera ilikuwa bado na kifuniko chake.

Niyaeleze kidogo mambo ya kifuniko, kwa kuwa vijana wengi sasa wanashika vyombo hivi na wazazi wao ndio wanaovilipia. Kamera ya droni haikufungwa mwilini kwa skrubu. Inaning'inia kwenye shingo yenye mota tatu ndogo: moja huinamisha na kuinua, moja hulaza upande, moja hugeuza kushoto na kulia. Ndege ikiyumba kwa upepo, mota hizo huipeleka kamera kinyume cha kuyumba, ndiyo maana picha hutulia kama imepigwa na mtu aliyeketi. Kila chombo kinapowashwa shingo hiyo hujipima. Huenda mpaka mwisho wa kila upande kisha hurudi katikati. Na kwa kuwa ni laini, watengenezaji huiwekea kifuniko cha plastiki cha kuibana isichezecheze safarini. Kuwasha kabla ya kutoa kifuniko ni sawa na kumwamsha mtu uliyemfunga kamba na kumwambia anyooshe viungo. Mota inasukuma, plastiki haikubali, umeme unazidi, joto linapanda. Chombo kina akili ya kujizima upande huo na kutoa tangazo. Lakini kikiachwa muda mrefu, mota huweza kuungua, au utepe mwembamba wa nyaya unaopita shingoni ukachanika.

Kijana aliganda. Mlio uliendelea kwa muda wa kusoma Suratul-Ikhlas mara mbili hivi kabla hajaizima.

Sasa nitasema jambo kuhusu sisi watu wazima. Kabla hata kifuniko hakijatolewa, ukawa umezuka mjadala wa nani atalipa. Mmoja alisema kijana, kwa kuwa ndiye aliyeharibu. Mwingine akasema msikiti, kwa kuwa kazi ni ya msikiti. Wa tatu akaniangalia mimi kwa kuwa nilisoma chuo cha Kiislamu, akitaka fatwa pale pale, jua likizama.

Nilijibu kwa ufupi, na hapa nitarefusha kidogo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, kitu cha kuazima kimo katika dhamana ya aliyeazima. Kikiharibika, isipokuwa kwa kuchakaa katika matumizi aliyoruhusiwa, hukilipa hata kama hakuzembea. Kitu cha kukodi ni amana: aliyekodi halipi mpaka ithibiti kwamba alizembea au alivuka mipaka ya ruhusa. Wanazuoni wa Kihanafi wao wanakihesabu hata cha kuazima kuwa ni amana. Kauli ya Mashafii inategemea kisa mashuhuri cha deraya za Safwan bin Umayya, ambazo Mtume (s.a.w.) aliziazima wakati wa vita vya Hunayn, na Safwan, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, akahakikishiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama droni iliazimwa au ilikodiwa. Nayo iliazimwa, maana mwenyewe hakutaka senti. Swali la pili ndilo gumu: aliyeazima ni nani? Kijana alitumwa na kamati, kwa hiyo alikuwa wakili wake. Mbele ya mwenye chombo, kamati haiwezi kujificha nyuma ya kijana. Lakini wakili naye akizembea ana jukumu lake mbele ya aliyemtuma. Na fedha za shamba la wakfu? Kutafuta mpaka wa shamba ni katika maslahi ya wakfu. Kulipia uzembe si katika maslahi yake, kwa maoni yangu, na nilisema hivyo ingawa mfuko huo ndio pekee uliokuwa na kitu.

Ukweli ni kwamba hatukuwa bado tunajua kama kuna la kulipa. Chombo kile thamani yake ilizidi mavuno ya msimu mzima ya familia ya muadhini, na babu mtu alikuwa ameketi kimya kwenye ngazi akihesabu tasbihi kwa kasi isiyo ya dhikri. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, tuweke maneno kando, tuitazame kwanza." Akasema, "Ustadh, imeshakufa." Hakuwa na ushahidi wowote wa kifo hicho.

Tuliikagua kwa utaratibu, kijana akitumia mikono na mimi nikiandika, maana ndiyo kazi ninayoijua. Alitoa betri. Alitoa kifuniko. Tuliiacha ipoe. Kisha kwa ncha ya kidole, bila kulazimisha, aliisogeza shingo ya kamera juu na chini, ubavuni, kushoto na kulia. Ikikwama mahali, huenda ni mchanga au kipande cha plastiki. Ikiwa imelegea kabisa upande mmoja, utepe wa nyaya unastahili kutiliwa shaka. Haikukwama wala haikulegea, ila katika kuinama ilikuwa kama inagusa kitu.

Wakati huo giza lilikuwa linaingia, tukaswali Magharibi. Baada ya swala mmoja wetu, kwa kutaka kusaidia, aliichukua ndege akaiweka juu ya sanduku la bati la kuhifadhia misahafu ili iwe karibu na taa, na kijana akaiwasha. Sasa yakaja matangazo mawili: lile la mota, na jipya lililosema dira ina hitilafu. Kijana alikaribia kulia. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye jicho ukaingia kichwani.

Nadhani hapa ndipo wengi hupotea wanapotengeneza kitu. Tangazo la pili huchukuliwa kuwa ni mtoto wa la kwanza, na mtu huanza kufungua skrubu zisizomhusu. Mzee mwashi, ambaye hakuwa ameona droni kabla ya siku ile, aliuliza swali moja tu: "Hii dira ni kama ile ya kutafutia kibla?" Nikamwambia ndiyo, hufuata sumaku ya ardhi. Akasema, "Basi mbona mmeiweka juu ya chuma?"

Alikuwa na haki. Sisi tuliojenga kibla cha msikiti huu tunajua kwamba dira ikisogezwa karibu na nondo hudanganya bila haya. Ndege hizi huambiwa zisiwashwe juu ya gari, juu ya zege lenye nondo nyingi, au karibu na reli. Na Kisaki, ambako reli ya TAZARA inapita, vijana hupenda kurushia vitu vyao stesheni kwa sababu pana uwazi. Tuliihamishia ndege kwenye meza ya mbao ya madrasa, tukaiweka uwanjani mbali na bati. Tangazo la dira likatoweka lenyewe. Hapakuwa na ugonjwa wa pili.

La kwanza likabaki. Tukaizima tena. Mke wangu alileta taa ya kuvaa kichwani, ile ninayoendea shambani. Tukainama juu yake watu wazima watano, kila mmoja akizuia mwanga wa mwenzake. Shingo ya kamera imeshikwa na mwili kwa vipira vidogo laini vinavyomeza mtikisiko. Nilikuwa nimeviandika kwenye karatasi yangu kama "viko sawa", kwa kuwa kijana alisema viko sawa. Binti mmoja wa madrasa, mwenye umri wa miaka kumi hivi, ambaye alipaswa kuwa ameshakwenda nyumbani, alijipenyeza chini ya kwapa la mzee mwashi akatazama, akasema, "Ustadh, upande huu viko viwili, upande huu kimoja."

Cha nne hakikuwa kimepotea. Mota iliposukumana na kifuniko, bamba la shingo lilinyanyuka na kipira kimoja kikachomoka tundu lake, kikajikunja ndani. Ndiyo sababu kamera ilikuwa inagusa mwili ikiinama, na ndiyo sababu kujipima kulishindikana hata baada ya kifuniko kutolewa. Kijana alikirudisha kwa kijiti cha kuchokolea meno. Nilimzuia asitumie sindano, maana chuma chenye ncha jirani na utepe wa nyaya kinatengeneza tatizo kubwa kuliko kinaloliondoa. Ilichukua muda. Kipira kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, na mikono yake ilikuwa inatetemeka hadi babu yake aliposimama, akaja, akamshika bega bila kusema neno.

Ilipowashwa safari ya nne, kamera iliinama, ikalala ubavu, ikageuka, ikarudi katikati ikatulia. Tangazo jekundu halikuja. Watoto, ambao kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka, walipiga takbira.

Picha ilionekana kwenye simu, lakini ilikuwa imeegemea upande. Mnara wa msikiti ulionekana unataka kuanguka kuelekea sokoni. Hilo halikututisha. Ndani ya programu kuna sehemu ya kusawazisha shingo ya kamera, ambayo hutaka ndege iwe juu ya kitu tambarare kabisa, isiguswe, wakati chombo kinajitafutia usawa wake. Mzee mwashi akaenda nyumbani kwake usiku ule akarudi na pima maji. Aliichezea meza ya madrasa kwa dakika kadhaa, akitia vipande vya kadibodi chini ya mguu mmoja, mpaka povu la pima maji likasimama katikati pande zote mbili. Sijui kama watengenezaji wa droni waliwahi kufikiria chombo chao kitasawazishwa hivyo, ila mnara ulinyooka.

Tulipokuwa tunaifunga, kijana alinivuta kando. Alisema, "Ustadh, maadamu imepona, kuna haja gani ya kumwambia mwenyewe?" Nilimwelewa. Rafiki yake angeweza kukasirika, asimwazime tena, na habari ingefika kwa vijana wengine mjini. Lakini chombo kilikuwa bado cha mtu, na kesho yake tulikuwa tunakusudia kukirusha futi nyingi juu ya mto. Mwenye mali ana haki ya kujua hali ya mali yake kabla ya kuihatarisha zaidi. Kukaa kimya kungegeuza ajali ya kusahau kuwa jambo la kukusudia. Nilimwambia nitakaa karibu naye akipiga simu, na kwamba nitazungumza mimi pia kwa niaba ya kamati.

Mtandao Kisaki una mahali pake. Tulikwenda mpaka kwenye kichuguu nyuma ya makaburi, ambako simu hushika. Kijana alisema yote, hakupunguza. Upande wa pili palikuwa na kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha yule bwana akauliza ililia kwa muda gani, na kama kulikuwa na harufu ya kuungua. Hapakuwa na harufu. Akasema iwashwe asubuhi iachwe chini dakika tano huku kamera ikichezeshwa kwa rimoti, na mota zikipata joto lisilo la kawaida isirushwe kabisa. Zikiwa salama, irushwe kwanza kwa urefu wa mtu mmoja na nusu, kamera ikitazamwa kama inatetemeka, na isipande mpaka simu iseme kwamba mahali pa kurudi pamehifadhiwa. Nilimweleza kuwa kamati inabeba dhamana mbele yake, na kwamba baada ya kuikagua mjini akiona kasoro atuandikie. Akasema, "Ustadh, mimi mwenyewe nimeshakisahau kifuniko hicho mara mbili." Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alasiri. Ahadi ya kamati niliiandika hata hivyo.

Asubuhi yake hali ya hewa ilikuwa tulivu, milima ya Uluguru ikionekana yote kaskazini, jambo ambalo si la kila siku. Ilirushwa kutoka kwenye mkeka uliotandikwa shambani, baada ya kukaa chini zile dakika tano. Ilipanda, ikasimama, ikapanda tena. Kijana aliipeleka mashariki polepole juu ya mto na wapwa wa bibi wakatazama kwenye simu pamoja nasi, vichwa vikigusana.

Mzee mwashi alisema kweli. Kitanda cha zamani cha Mgeta kilionekana kama mshipi wa kijani kibichi ndani ya majani makavu, kikipinda pale ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekisia. Hakikutupa msikiti yote tuliyotarajia, wala hakikuwapa jirani zetu yote waliyolima: kilikikata kile kipande katikati kwa mshazari. Upande wa machweo tuliona mikwaju miwili na, katika mstari ule ule, mabaka mawili ya duara ambako ile mingine ilikuwa imesimama. Mpwa mkubwa wa bibi aliomba picha irudishwe nyuma, akaitazama tena, akasema hapo kwenye duara la pili ndipo alipokuwa akifungiwa mbuzi alipokuwa mtoto.

Picha peke yake haiamui mpaka, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba haitatumika kumshinda mtu. Tuliichapisha Morogoro, nakala tatu, tukaipeleka pamoja na tafsiri ya lile daftari kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mmoja wa wanawake hao ni mjukuu wa bibi mwenyewe. Baraza lilikwenda shambani likatembea mshipi ule kwa miguu. Mpaka sasa umepandwa minyaa, nusu ya miche ikitoka kwa msikiti na nusu kwa wapwa, na mlezi wa shamba ameelekezwa asilime mshazari wa upande wa pili.

Droni ilirudi mjini siku ya tatu kama ilivyoahidiwa. Mke wa muadhini alishona utepe wa kitambaa chekundu, urefu wa kiganja, akautia kwenye kifuniko cha kamera ili uning'inie mbele ya kitufe cha betri. Mwenye chombo alituma ujumbe kwamba mota ziko salama, na kwamba utepe ameuacha.